Bi Kimya na Mgongo wa Fomu

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Bi Kimya atalitundika koti lake jeupe kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa idara ya picha, na safari hii hatalichukua Jumatatu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na nne, miezi miwili na siku kumi na moja ya kuwapiga watu picha za ndani ya miili yao. Hesabu hiyo nimeifanya mimi, karani wa kumbukumbu wa idara, na nimeirudia mara mbili kwa sababu najua ataikagua.

Asiyemjua atadhani jina hilo alipewa kwa upole wa ulimi. Wapi! Hakuna anayeongea kumzidi katika jengo hili, ukimwondoa labda dada wa mapokezi. Jina alipewa na watoto, maana maneno ya kwanza wanayoyasikia kwake wakishalala kwenye kitanda cha mashine ni "kimya sasa, tulia kama umebandikwa gundi". Akishawanyamazisha wao, yeye anaendelea. Asipoongea, anaimba wimbo wake mmoja usio na maneno, wa puani, ambao kila mfanyakazi wa idara hii anaweza kuuimba na hakuna anayejua ulitoka wapi. Mimi mwenyewe umenilaza mezani mara tatu, saa za kazi, na ushahidi ni muhuri niliojigonga shavuni.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, enzi za filamu. Picha zilioshwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, kisha zikaanikwa kwa vibanio kama nguo za mtoto. Mumewe, ambaye ni fundi wa saa, anasema mwaka wao wa kwanza wa ndoa alikuwa anajua mke amerudi kwa ile harufu ya dawa kabla hata hajasikia hodi. Katika wiki yake ya pili kazini Bi Kimya alifungua mlango wa chumba hicho akitafuta kopo lake la chakula, na mwanga ukaingia na kuziunguza filamu zote za asubuhi ile. Hakuna aliyemwona. Angeweza kusema dawa zilikuwa mbovu, na wakubwa wangeamini, kwa sababu dawa zilikuwa mbovu mara kwa mara. Badala yake alipita wodini kitanda kwa kitanda, akawaomba radhi wagonjwa kumi na wawili, akawaambia njaa ndiyo iliyomponza na kwamba picha zitarudiwa. Wanaokumbuka siku hiyo wanasema wagonjwa wawili walimgawia chakula chao.

Ilipokuja mashine ya sumaku, lile dude kubwa lenye tundu katikati ambalo likianza kazi unasikia kama watu kumi wanagonga mabati, yeye ndiye aliyetumwa masomoni. Alirudi baada ya miezi minne akiwa na sheria moja, kwamba chuma hakiingii. Akaweka bakuli la plastiki la bluu mlangoni, na tangu hapo kila mtu humwaga humo funguo, kalamu na vibanio vya nywele. Mkurugenzi mmoja wa zamani, ambaye amenipa ruhusa ya kulisimulia hili huku akicheka, alikuja na ugeni mzito akasimamishwa mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Mkanda wake ulikuwa na kifungo cha chuma kikubwa. Akauvua. Kisha akawatembeza wageni wale dakika ishirini nzima, mkono mmoja ukionyesha mashine na mwingine ukiishikilia suruali.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwa watoto. Mashine ile haimtaki mtu anayetikisika, kwani ukitikisika picha inatoka na ukungu, na mtoto gani atatulia dakika arobaini ndani ya tundu linalogonga mabati? Kwingine huwapa dawa ya usingizi. Bi Kimya aliomba boksi la jokofu kutoka jikoni, akalitoboa, akalipaka rangi nyeupe, akaliweka kwenye korido. Mtoto anaingia humo, Bi Kimya anagonga sufuria kwa mwiko, na anayeweza kutulia bila kucheka mpaka sufuria inyamaze ndiye bingwa. Wengi wakitoka kwenye boksi huingia kwenye mashine yenyewe kwa miguu yao. Boksi limeungwa kwa gundi ya karatasi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mara moja ikiwa ni kwa sababu mlinzi wa getini alitaka kujaribu ubingwa akanasa mabegani.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu, maana wenzangu wamesema nisipouandika mimi watauandika wao.

Fomu ya kuombea kipimo ina upande mmoja uliochapwa, wenye jina la mgonjwa, umri, na swali la daktari. Upande wa nyuma ni mtupu. Kwa watu wote ni mtupu, isipokuwa kwa Bi Kimya, ambaye tangu siku zake za chumba cha giza huandika huko kwa penseli yale ambayo mashine haiwezi kuyaona. Babu huyu anaogopa giza, msizime taa. Kichwa kinamuuma zaidi akiinama kufua. Anayejua historia ya ugonjwa ni shangazi yake, amekaa nje, mwiteni. Mimi ni mtu wa mafaili safi, na jambo hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimwambia mara nyingi kwamba mgongo wa fomu si mahali rasmi. Yeye aliniita Bwana Mihuri, akachonga penseli, akaendelea.

Miaka kumi na mitatu na nusu iliyopita aliletwa kwetu mtoto wa miaka mitano na nusu, binti wa mshona nguo. Yeye na mama yake wameniruhusu kuyaandika haya, na wameyasoma kabla yenu. Nyumbani walimwita Redio. Alikuwa akifumbua macho tu anaanza, na hanyamazi mpaka alale. Habari za majirani alizitangaza bila kuombwa, na wateja wa mama yake walikuja kupima nguo ambazo hazikuhitaji kupimwa, ili wamsikilize. Kisha, ndani ya wiki chache, akaanza kupotea. Akiitwa haji. Akiambiwa alete viatu, analeta kikombe. Baada ya hapo maneno yake mwenyewe yakaanza kumdondoka, kwanza sentensi, kisha neno mojamoja, hadi ikabaki milio tu. Mwalimu wa chekechea aliandika kwamba ni mkaidi. Majirani walisema amedekezwa. Mama yake alikuwa akikaa kwenye cherehani akimtazama mtoto aliyekuwa anamchosha kwa maneno, akitamani amchoshe tena.

Kliniki ya masikio ilisema masikio ni mazima, lakini kwa kuwa hakuitikia lolote aliloambiwa, akatafutiwa nafasi katika shule ya watoto viziwi. Alipotetemeka alfajiri mbili tofauti, mdomo ukivutwa upande mmoja, ndipo akaandikiwa picha ya ubongo. Fomu yake ilisema kwa herufi kubwa: HASIKII.

Asubuhi hiyo Bi Kimya alimwonyesha boksi kwa ishara, na Redio akawa bingwa mara moja. Kisha, kabla ya kuingia chumba cha sumaku, Bi Kimya akatupa funguo zake kwenye bakuli la bluu. Nazo si funguo za mchezo. Humo mna hata ufunguo wa chumba cha giza kilichobomolewa zamani. Mtoto aliyekuwa amempa mgongo akageuka papo hapo. Bi Kimya akasimama. Akamwita jina lake kwa nyuma. Kimya. Akamwita Redio. Kimya. Akapaza sauti mpaka nikachungulia kutoka masijala. Mtoto hakutikisa hata sikio. Akachukua funguo, akazidondosha tena, na mtoto akageuka tena.

Mgongoni mwa fomu akaandika: "Masikio yanafanya kazi. Anageuka kwa funguo, hageuki kwa jina lake. Anasikia sauti, haelewi maneno. Tafadhali muulizeni mama vizuri."

Picha ilitoka safi. Hapakuwa na uvimbe, kovu wala ufa. Daktari wa picha akaandika kwamba ubongo ni wa kawaida, na jibu likapanda ghorofani kupitia kwangu.

Hapa ndipo ninapopaswa kujiumbua. Mwaka ule tulikuwa tumeanza kuziingiza fomu zote kwenye kompyuta kwa skana. Mimi niliskani upande wa mbele peke yake. Niliona maandishi ya penseli, nikayapuuza kama nilivyoyapuuza maisha yangu yote, nikaitia karatasi kwenye sanduku na sanduku nikalipeleka stoo. Wiki tisa nzima daktari aliyekuwa na swali na karatasi iliyokuwa na jibu walikaa jengo moja bila kuonana, kwa sababu ya unadhifu wangu.

Bi Kimya ana tabia ya kuulizia watoto wake. Alipoambiwa kwamba Redio amerudishwa nyumbani na anangojea shule, akauliza daktari amesema nini kuhusu funguo. Hakuna aliyejua habari za funguo. Akaja mezani kwangu. Nilijitayarisha kwa kelele, na kama angepiga kelele ningejitetea, maana utetezi ninao siku zote. Hakupiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, chukua ufunguo wa stoo, twende." Tulifungua masanduku thelathini na tisa. La arobaini ndilo lililokuwa na fomu ya Redio. Akaikung'uta vumbi, akapanda nayo ngazi hadi ghorofa ya tatu, mimi nikimfuata, akasimama mlangoni kwa daktari wa ubongo wa watoto mpaka foleni ikaisha.

Daktari huyo alikuwa mgeni kwetu wakati ule, dada mwembamba mwenye haraka. Aliisoma fomu akiwa amesimama. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akakaa. Kisha akatueleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kuna kifafa cha utotoni, adimu sana, ambacho hufanya fujo zake nyingi mtoto akiwa usingizini, na mtoto anaweza asitetemeke kabisa. Umeme wa ubongo unavurugika mahali palepale, juu ya sikio, ambapo sauti hugeuzwa kuwa maneno yenye maana. Asubuhi mtoto anaamka na masikio mazima, lakini anachosikia watu wakiongea ni kelele tu. Picha ya kawaida haionyeshi kitu, kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Kwa maneno ya Bi Kimya, nyumba ni nzima ila wenye nyumba wanagombana.

Redio akaitwa upesi. Fundi wa waya, yule kaka anayepima umeme wa ubongo, akambandika waya ishirini na moja kichwani. Mama alikuwa amemwamsha mapema mno kwa makusudi, hivyo saa nne asubuhi mtoto akalala chapuchapu. Alipokuwa macho, mistari kwenye kioo ilikuwa ikitembea taratibu. Alipolala tu, ikaanza kuruka, na haikupumzika. Fundi wa waya alitoka mlangoni bila viatu kutuita tukaone.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Jopo la madaktari lilikaa na halikukubaliana. Mkubwa wao, mzee wa miwani aliyeheshimika sana, alisema mistari kama ile huonekana hata kwa watoto wasio na shida yoyote, na dawa zilizopendekezwa ni nzito kwa mwili mdogo vile; heri mtoto aende shule, nafasi ipo hadi mwisho wa mwezi. Daktari wa ubongo akasema kila wiki inayopita inaondoka na maneno ya mtoto. Wakaafikiana kwamba ipigwe picha moja zaidi, ya mashine tunayoiita ya sukari. Mgonjwa anachomwa sukari yenye mionzi kidogo, analala kwenye chumba chenye mwanga hafifu nusu saa, halafu mashine inaonyesha ni sehemu ipi ya ubongo imekula sukari nyingi na ipi imekula kidogo. Sharti moja waliliandika kwa wino mwekundu: mtoto awe macho.

Siku hiyo mashine ya waya ilikuwa imeharibika na kupelekwa matengenezo, hivyo hapakuwa na mistari ya kuonyesha kama mtoto yuko macho. Mama alikuwa mjamzito, hivyo hakuruhusiwa kukaa karibu na mionzi. Aliyebaki na Redio ni Bi Kimya, nyuma ya kioo chenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ndani ya chumba ambacho mlango wake umeandikwa KIMYA kwa herufi nyeusi. Mtoto akaanza kuogopa.  Sasa nyinyi mnamjua Bi Kimya. Kwa miaka yote mtoto akiogopa mbele yake, yeye anafanya jambo moja. Akaanza ule wimbo wake wa puani.

Tusisahau kwamba Redio alikuwa haelewi maneno ya mtu yeyote. Lakini wimbo ule hauna maneno. Ulimwingia kama ulivyotuingia sisi wote, mwili ukalegea, macho yakafumba. Bi Kimya alipotazama saa, akapigwa na butwaa.

Hapakuwa na shahidi. Angemwamsha mtoto, akampeleka kwenye mashine, na dunia isingejua. Aligeuza fomu akaandika: "Mtoto alilala dakika kumi na nane kati ya thelathini. Kosa ni langu. Nilimwimbia." Akatia sahihi. Ile fomu niliipeleka mimi kwa mkono wangu, nikiwa nimeiskani pande zote mbili, na nikasimama pale mpaka daktari wa picha alipoigeuza.

Akaigeuza kabla hatujachelewa. Alikuwa ameshaanza kuandika kwamba juu ya sikio la kushoto kuna sehemu inawaka kupita kiasi, jambo ambalo hakulitarajia kwa mtoto aliye macho, na kwamba atafutwe ugonjwa mwingine. Aliposoma mstari ule wa penseli alifuta aya nzima. Akasema picha hii si mbovu, ni picha ya usingizi, na sasa tunaihitaji ya pili, ya mtoto akiwa macho, tuzilinganishe. Ule mwisho wa mwezi wa nafasi ya shule ukasogezwa mbele kwa barua. Barua hiyo niliiandika mimi, na sijawahi kugonga muhuri kwa nguvu kama siku ile.

Kwa picha ya pili Bi Kimya aliomba asimamiwe. Aliingia chumbani amevaa barakoa mbili, na juu yazo amebandika plasta ya msalaba. Redio alimtazama, akatazama plasta, akaangua kicheko kilichosikika hadi mapokezi. Nusu saa nzima hakusinzia hata dakika moja, maana kila macho yalipotaka kulegea Bi Kimya aliinyoosha plasta kwa madaha.

Daktari wa ubongo akaziweka picha mbili ukutani, bega kwa bega. Palikuwa ni pahali pamoja, upande wa kushoto, juu ya sikio. Katika ya usingizi panawaka. Katika ya kuwa macho pamefifia kama duka lililofungwa. Ni pale pale ambapo mistari ya waya ilikuwa ikiruka. Mzee wa miwani alizitazama kwa muda, akavua miwani, akasema dawa zianze leo, si kesho. Kisha akauliza nani aliandika mgongoni mwa fomu. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilijivuna kwa mwandiko usio rasmi.

Dawa zilimvimbisha Redio mashavu na kumtia njaa na hasira. Mtaalamu wa usemi alimfundisha yeye na mama yake kuongea kwa mikono wakati wakingojea, na Bi Kimya akajifunza pamoja nao. Hadi leo anawagombeza wanafunzi wake kwa ishara wagonjwa wakiwa wamelala. Kila baada ya miezi miwili, Redio akija kliniki, alipita kwetu. Bi Kimya alikuwa na desturi yake. Anamwacha mtoto atazame dirishani, anadondosha funguo kwenye bakuli la bluu, mtoto anageuka. Kisha anasubiri kidogo, na mtoto akishatazama tena dirishani, anamwita jina lake. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna, na siku hiyo mama yake aliondoka bila kuaga.

Mara ya nne Bi Kimya alisahau funguo nyumbani. Alianza moja kwa moja na jina, bila matumaini makubwa, huku akitafuta penseli kwenye mfuko wa koti. Akaita. Na mtoto yule, aliyefundishwa adabu na mama yake kabla ugonjwa haujamfikia, akageuka kutoka dirishani akasema, "Abee."

Mama alidondosha mkoba. Dada wa mapokezi alisimama juu ya kiti, sijui ili aone nini. Bi Kimya akawanyamazisha watu wote kwenye korido, akaita tena kwa sauti ndogo zaidi, na jibu likaja tena, safari hii kwa udhia kidogo. Nami nililia waziwazi, mbele ya wagonjwa, na sioni haya kulisema.

Safari iliyofuata ilikuwa ndefu, nami siyo wa kuipaka rangi. Mwaka wa pili maneno yalipotea tena wiki kadhaa na dawa zikarudiwa. Alichelewa kujua kusoma. Na wako watoto wa namna hiyo ambao maneno hayakurudi yote, Bi Kimya anawakumbuka kwa majina na bado huwatembelea. Lakini kuanzia siku ile idara hii haikuwa tena ile ya zamani. Kila fomu huskaniwa pande zote mbili, na upande wa nyuma sasa umechapwa mistari na kichwa cha habari, "Yale ambayo mashine haikuyaona". Vijana wote anaowafundisha hupewa penseli kabla ya kupewa koti. Tangu Redio, watoto saba wengine wenye kifafa hicho wametambuliwa hapa mapema, watano wao kwa sababu ya mstari wa mgongoni.

Mumewe ameniambia amemwandalia kiti kwenye kibanda chake cha saa, ila kwa sharti kwamba asiimbe mteja akisubiri. Wajukuu wanne wameshajipanga kwa zamu. Yeye mwenyewe anasema mpango wake ni kulala mchana, jambo ambalo amewafanyia wengine miaka yote hii bila kulionja.

Limebaki tukio la Jumanne iliyopita. Mashine mpya ya sumaku imefika, na ile ya zamani imeondoka na sauti ya Bi Kimya, maana ni yeye aliyekuwa amerekodiwa humo, akisikika kwenye vipokea sauti ambavyo watoto huvaa masikioni ndani ya tundu. Mafundi walitaka arekodi upya. Akakataa. Akasema sauti ipo, wamngojee mwenye nayo. Saa tatu na nusu akaingia Redio, binti wa miaka kumi na tisa sasa, anayesomea ualimu wa chekechea, pamoja na mama yake mwenye tepu ya kupimia bado shingoni. Redio huongea taratibu, na mahali penye kelele nyingi atakuomba urudie ulichosema. Alisoma maneno yote ya kurekodiwa kwa mkupuo mmoja: tulia, usitikisike, tunaanza, umeshinda.

Mashine mpya ilihitaji mtu wa kuijaribia. Bi Kimya, ambaye kwa miaka thelathini na nne hajawahi kulala ndani ya mashine yoyote, akavua saa na pete, akamwaga funguo kwenye bakuli la bluu, akajilaza. Sisi tukabaki nyuma ya kioo. Mafundi wakampa Redio kipaza sauti, wasikie kama sauti inafika vizuri. Redio akakisogeza mdomoni, akaita, "Bi Kimya?"

 Kisha kutoka ndani ya lile tundu ikatoka sauti ya mwanamke wa miaka sitini akimwitikia binti wa miaka kumi na tisa, kwa adabu zote: "Abee."

Picha ya kwanza ya mashine yetu mpya imetoka na ukungu, haifai kwa lolote, na tumeiwekea fremu. Mafundi waliuliza kulikoni. Niliomba fomu, nikaazima penseli, nikaigeuza, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikaandika mgongoni: "Mgonjwa alitikisika. Alikuwa anacheka, na analia. Hana kosa."

Bi Kimya, asante kwa kila mstari. Nyuma ya karatasi hii tumepaacha patupu kwa makusudi, na penseli ziko mlangoni. Kila mtu aandike lake, utaondoka nayo yote Ijumaa. Tunakuombea afya, siku ndefu, na usingizi wa mchana ambao hakuna atakayekuuliza. Na siku tukizidiwa, tukakuita, tafadhali itika.